Kuurudisha Wimbo Baada ya Adhana

Katika bendi yetu ya rege kuna desturi moja ambayo sijaiona kwa bendi nyingine. Tukiwa katikati ya wimbo na adhana ikasikika, tunanyamaza. Hatungoji wimbo ufike mwisho, wala hatupunguzi sauti ya spika kwa aibu kama wafanyavyo wengine. Mimi ndiye mpiga gitaa la besi na ndiye mkubwa wao kwa umri, basi hulaza kiganja juu ya nyuzi, na wenzangu wakiona mkono wangu umelala, nao huacha. Mwimbaji hushusha maiki. Watu waliokuwa wakicheza husimama pale pale walipo, wengine na chupa ya soda mkononi, na mwadhini hutoa wito wake mpaka mwisho. Kisha mpiga ngoma wetu huurudisha wimbo mahali ulipoachwa, tunaumaliza, na baada ya hapo ndipo tunaoswali huenda kuswali na wasioswali huenda kula viazi karai.

Kuurudisha wimbo si jambo dogo. Wimbo ukikatwa kwa dakika kadhaa, mwendo wake hupotea kichwani. Ukiuanza tena utakuta una haraka kidogo au umechoka kidogo, na wasikilizaji, hata wasiojua lolote la muziki, huhisi kwamba wamebadilishiwa kitu. Mpiga ngoma wetu alikuwa haukosei. Adhana ikiisha, aligonga ukingo wa kigoma kidogo kwa kijiti, mara nne, na mara hizo nne zilikuwa na mwendo ule ule tuliouacha, kana kwamba wimbo uliendelea kichwani mwake peke yake wakati sisi tumenyamaza. Watu wa Likoni walikuja kulipenda jambo hilo kuliko nyimbo zenyewe. Nimewaona bustanini wameacha mazungumzo yao, wamemkazia macho, wakingoja hiyo mara nne.

Watu hudhani desturi hii niliianzisha mimi, kwa sababu ya kofia yangu na kwa kuwa watoto wengi wa mtaa nimewasomesha Kurani chuoni. Aliianzisha mpiga ngoma wetu, Mkristo, mtoto wa watu wa upande wa Mariakani, mzee wa kanisa lake. Siku moja zamani, tulipokuwa wageni katika bustani iliyo karibu na msikiti, adhana ilitukuta katikati ya wimbo, na kabla sijajua nifanye nini, yeye alikwisha kuinua vijiti juu. Nilipomuuliza baadaye, alisema, "Maalim, watu waitwa kwa Mungu wao, mimi niwapigie kelele nikiwa nani?"

Nimeulizwa mara nyingi na watu ninaowaheshimu, mtu aliyelelewa chuoni na kusoma tajwidi kwa mashehe wa Mombasa anafanya nini na gitaa. Wako wanaosema haifai kabisa. Sibishani nao, nawaombea, na nawaomba nao waniombee. Nina mipaka yangu. Ramadhani hatupigi. Ijumaa hatupigi kabla ya swala. Mahali ambapo ulevi ndio biashara yenyewe hatuendi, na nyimbo zetu ni zile ninazoweza kuziimba mbele ya mke wangu na wajukuu. Zaidi ya hapo namwachia Mwenyezi Mungu, ambaye anajua nia yangu kuliko ninavyoijua mimi.

Lakini kuna kitu katika rege kilichonishika tangu ujana. Katika muziki mwingine, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu huanguka mwanzo wa hesabu, kwenye moja, ili mtu ajue pa kukanyaga. Katika rege, moja huachwa wazi. Mguu hungoja mpaka tatu, na hapo tu ndipo hushuka, mara moja, kisha huinuka na kungoja tena. Sikio langu lilikuwa limekwisha kufundishwa na mwalimu wangu wa Kurani kwamba mahali pa kusimama pana haki yake kama mahali pa kusoma. Sifananishi vitu viwili hivi, Mungu anisitiri. Nasema tu kwamba nilipousikia muziki huu mara ya kwanza, kwenye redio ya kinyozi, kile kimya hakikuwa kigeni kwangu.

Sisi ni wanne. Mwimbaji ni mwanamke wa Kisauni, fundi wa kushona mabuibui, na kwenye cherehani yake huimba hata pini zikiwa mdomoni. Kinanda hupigwa na kijana wa bara. Ni kijana kwangu tu, maana ana watoto wake. Ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, kule Kipevu, na Kiswahili chake mpaka leo kinanuka Nairobi. Mpiga ngoma alikuwa mwashi. Ukipita naye mtaa wa Shika Adabu hamfiki popote, kwa sababu husimama kila baada ya nyumba chache na kusema, "Ukuta ule ni wangu." Tunapiga mahali padogo padogo: bustani za hoteli upande wa Shelly Beach Jumapili alasiri, kumbi za Changamwe, harusi, mara moja moja uwanja wa shule. Tukiwa na kazi ng'ambo, vyombo huvuka feri juu ya mkokoteni, nami huvuka navyo nimekumbatia spika kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani.

Ramadhani iliyopita, bendi ikiwa imepumzika kama kawaida, mpiga ngoma wetu aliamka asubuhi akashindwa kuvaa kiatu cha kulia. Alidhani ni kiatu. Mkewe ndiye aliyeuona mdomo umekwenda upande, akaita tuktuk. Kilikuwa kiharusi, na kwa rehema ya Mungu hakikuwa kikali. Maneno yalimrudia upesi. Mkono ukafuata. Mguu wa kulia ndio uliobaki nyuma, ukikokotwa kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

Nilikwenda kumtazama baada ya alasiri, nikiwa na funga yangu. Alininyoshea mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado mzito, kisha akakumbuka kwamba si mkono wa kumpa mtu, akaanza kuurudisha. Nikauwahi, nikaushika. Nilimwombea dua, akaitikia amina. Halafu akautazama mguu wake.

"Mumeshapata mtu?" akauliza.

"Mtu wa nini?"

"Maalim, una funga, usije ukaiharibu kwa uongo. Mtu wa kukaa kiti changu."

"Hatujatafuta mtu. Ramadhani hii twampigia nani?"

"Na Idi?"

"Idi utakuja wewe, inshallah."

Nilielewa alichokuwa akiomba. Uashi ulikuwa umemtoka zamani kwa sababu ya magoti. Watoto wake wako mbali na maisha yao. Kanisani ana heshima, lakini ni heshima ya kukaa mbele na kutazamwa. Kile kiti kidogo cha mviringo nyuma ya ngoma ndicho kilikuwa mahali pekee ambapo watu bado walimngoja yeye aanze.

Idi ilipopita alikuja, na fimbo. Akaificha nyuma ya spika.

Kwenye wimbo wa kwanza nilisikia. Mguu wake ulishuka kwenye tatu, lakini ulishuka umechelewa, kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu baada ya kufikiri. Besi na ngoma ya mguu lazima zitue pamoja. Ndiyo kazi yetu sisi wawili. Basi nikachelewa naye. Nikawa naubana uzi na kusikiliza, mguu ukishuka nami nashuka, na nikamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyegundua. Watu walicheza. Bwana mmoja alikuja kutuambia kwamba siku hizi rege yetu imekuwa nzito, imekomaa. Tukamwambia asante.

Wiki zikaenda hivyo. Tulipiga harusi ya Kisauni, tukapiga Changamwe, tukarudi bustanini. Na kila adhana ilipotusimamisha, wimbo ulirudi mzito kuliko ulivyoondoka. Zile mara nne alizigonga kwa mkono, na mkono ulikuwa mzima, lakini nafikiri alikuwa akizipunguza makusudi ili mguu upate nafasi ya kufika.

Mzigo ukamwangukia mwimbaji. Tuna wimbo mmoja wa mama anayengoja feri na mtoto mgonjwa mgongoni, na una mstari mrefu unaoimbwa kwa pumzi moja, tangu mama anaposhuka kwenye mteremko mpaka mtoto anapofika upande wa pili. Kwa mwendo wetu wa zamani pumzi ilimtosha na kubaki. Jumapili moja bustanini, baada ya adhana ya alasiri, mstari ulinyooka kama barabara isiyokwisha, na sauti yake ikakatika feri ikiwa bado katikati ya maji. Akatabasamu, akawanyoshea watu maiki wamalizie. Lakini nilimwona ameshika ubavu.

Siku ya mazoezi tulikutana katika chumba tunachokitumia Shika Adabu, nyuma ya duka la simiti na misumari. Mpiga ngoma hakuwapo. Ilikuwa siku yake ya kwenda zahanati kunyoshwa mguu. Mwimbaji aliingia, akaweka mkoba, akabaki amesimama.

"Nina neno, na msinikatize mpaka niishe," akasema. "Mwanizamisha."

"Nani anakuzamisha, mathee?" akauliza mpiga kinanda.

"Nimesema msinikatize. Nyinyi. Nyimbo zimelala. Mimi ni mtu, si king'ora cha meli. Jumapili nimelikata neno la watu vipande viwili nikitafuta pumzi, na kuna mtu amekuja kuniambia ule mtindo mpya ni mzuri."

Nikaona sina budi kusema. "Ni mimi," nikamwambia. "Mguu wa mwenzetu wachelewa. Nami huchelewa naye ili asionekane."

Mpiga kinanda aligeuka akanitazama. "Zii, Maalim. Ni mimi. Tangu Idi nimekuwa nikichelewesha mkono ili nimfunike. Nilidhani ni mimi tu. Nikawa najiuliza mbona bado tunaenda pole, basi nikazidi kuchelewa."

"Ndiyo kusema mimi nilikuwa nikikungoja wewe, nikidhani namngoja yeye."

"Na mimi nilikuwa nakungoja wewe."

Mwimbaji alituangalia mmoja baada ya mwingine, akakaa juu ya mfuko wa simiti uliokuwa pale mlangoni. "Na mimi nilikuwa nikiyavuta maneno," akasema, kwa sauti ya chini. "Nikasema nyinyi hamjui, acha nimpe nafasi."

Kisha mpiga kinanda akaanza kucheka, akafuata mwimbaji, na mimi mwishowe, mpaka mwenye duka akachungulia kuona kuna nini. Watu watatu, kila mmoja kwa siri, tulikuwa tukimsitiri mtu mmoja, na katika kumsitiri tukawa tunangojana wenyewe kwa wenyewe, wimbo ukizidi kushuka. Nafikiri bendi ya watu wasiopatana isingeweza kulifanya kosa lile. Wangegombana wimbo wa kwanza, na mambo yangekwisha.

"Kuna dere mmoja wa lori pale Kipevu," akasema mpiga kinanda alipojifuta macho. "Anapiga ngoma kanisani kwao Changamwe. Mkono safi. Tunaweza kumwomba ashike kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini?" akauliza mwimbaji.

Mpiga kinanda akainama kuukunja waya wa kinanda chake.

"Na nani wa kumwambia mzee?" akaendelea mwimbaji.

Nikaona wote wawili wananitazama. "Mwanitazama nini?"

"Wewe ndiye Maalim," akasema mwimbaji. "Umezoea kuwaambia watu habari za kiama."

Nilikwenda siku ya pili yake, nyumbani kwake Mtongwe. Tulikaa barazani, na mkewe alikuwa mlangoni akichambua mchicha. Nilianza kwa afya, nikaingia habari za watoto, nikafika bei ya unga, nikarudi kwenye afya.

"Maalim," akasema, "wazunguka kama mtu aliyekuja kuposa. Binti zangu wote wameolewa."

"Nimekuja kwa habari ya mguu."

"Habari ya mguu niliijua Jumapili ya kwanza." Hakuwa na hasira, alisema kama anayenionyesha ufa kwenye ukuta. "Niliisikia besi yako yaningoja. Umri wote tuliopiga pamoja hujapata kuningoja. Nikichelewa waniacha njiani, kisha wanikemea mbele za watu. Jumapili ile ukaningoja, ndipo nikajua kwamba mimi ni mgonjwa."

Mkewe aliacha mchicha.

"Basi mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Na wewe mbona hukusema?"

Nikamweleza yote: jinsi tulivyongojana, jinsi tulivyocheka, na dereva wa Changamwe. Alisikiliza bila kubadilika uso, mpaka nilipofika kwenye pumzi ya mwimbaji na ule ubavu alioushika. Hapo akainama.

"Hilo sikulijua," akasema. "Nilidhani namsumbua Maalim peke yake, na Maalim ni halali yangu kumsumbua. Basi mleteni huyo dereva."

Aliushika mguu wa kulia kwa mikono miwili, akausogeza pembeni kama kitu cha mtu mwingine kilichoachwa njiani.

"Yaani akae hapa na mimi?" akasema mkewe. "Maalim, nihurumie. Mtu huyu ana mguu mmoja mbovu, lakini ule mwingine hautulii. Nikiwa jikoni, yeye hapo kitini, mguu wa kushoto wagonga sakafu asubuhi mpaka jioni. Napika kwa rege kama mtu mwenye hoteli."

"Wa kushoto?" nikauliza.

"Wa kushoto. Mwambie akuonyeshe."

Aliona haya, kama mtoto anayeambiwa asome mbele ya wageni. Lakini nilipoanza kugonga ubao wa baraza kwa kidole, ule mguu haukuweza kujizuia. Moja ikapita patupu. Mbili ikapita. Kwenye tatu kisigino kikashuka, wala hakikuchelewa.

"Pedeli ya ngoma kubwa yaweza kuhamishwa," nikasema.

"Mguu wa kushoto una kazi yake. Ndio wafungua na kufumba yale matoazi mawili."

"Tutayafunga yakae yamefumbana. Nani atauliza?"

"Mguu huu haujasoma, Maalim."

"Nami nimesomesha nani katika maisha yangu, ila wasiosoma?"

Mkewe akarudi kwenye mchicha wake. "Mchukueni," akasema.

Dereva akaja, akachukua kiti, na lazima niseme kweli: alipiga vizuri. Ni mtu mpana, mpole, mwenye mikono iliyozoea usukani mkubwa. Ukumbi wa Changamwe jioni ile uliamka. Pumzi ya mwimbaji ilirudi, feri ikafika upande wa pili na mtoto akiwa mgongoni, na watu walicheza mpaka mlangoni. Adhana ya magharibi ilipotunyamazisha, dereva aliurudisha wimbo mbio, kama lori lililoshusha mzigo, lakini watu walipiga makofi tu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza yule mzee yuko wapi.

Nilipomweleza mke wangu, alisema watu huuliza moyoni. Huenda. Mimi nilikuwa na jambo jingine lililonikera. Nilikuwa nimeufurahia muziki ule. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na mara moja au mbili nilimsahau rafiki yangu kabisa. Baada ya isha nilibaki msikitini nikamwomba Mungu anipe subira ya kumsubiri mtu bila kumpunguza, kwa sababu ile ya kwanza niliyokuwa nayo haikumfaa.

Mazoezi ya mguu tuliyafanya chumbani Shika Adabu, alasiri za siku za kazi, sisi wawili, na mara nyingi dereva pia akiwa hana safari. Dereva humwita Baba. Ndiye aliyekuja na kipande cha mpira wa tairi la ndani tukayafungia yale matoazi. Mwenyewe mpiga ngoma alikata kipande cha ubao akakitia chini ya pedeli ili ikae sawa na kisigino chake, akakipima kwa pimamaji yake ya uashi, akakikata tena, akakipima tena, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi nilimsikia akipiga mbinja.

Kisha akaketi kupiga, na mambo yakaharibika. Mguu uliokuwa mtulivu barazani ulipoiona ngoma ulipata pupa. Ulitaka kushuka kwenye moja. Akiukataza moja, ulishuka kwenye mbili. Nikimtazama nilimwona amekunja uso, ametoa ncha ya ulimi, jasho likimtoka.

Siku ya kwanza kabla hatujaanza alikuwa amenitaka niape kwamba sitamngoja. Mimi siapi ovyo, nikampa ahadi. Basi nikawa napiga besi yangu kwa mwendo wake wa haki, na akikosea namwacha.

"Umeniacha," husema.

"Nimekuacha. Njoo."

"Huna huruma, wallahi." Neno hilo alijifunza kwetu na hulitumia akikasirika.

"Huruma tumeijaribu."

Dereva hucheka mpaka anajificha nyuma ya spika. Iliendelea hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kuna siku aliondoka bila kuaga, na fimbo yake ikabaki ukutani, dereva akamkimbilia nayo. Kuna siku niliona ni mimi ninayemtesa kwa sababu ya ahadi yangu. Lakini kuna alasiri moja, sikumbuki ilikuwa ipi, tulipiga wimbo mzima tukazungumza katikati yake habari za mtu fulani aliyejenga ukuta mbovu, na tulipomaliza ndipo tulipotambua kwamba sikumwacha hata mara moja.

Akarudi Jumapili, katika bustani ile ile iliyo karibu na msikiti. Fimbo hakuificha, aliitundika kwenye stendi ya matoazi, mbele ya kila mtu. Dereva alikuja na mkewe na watoto, akakaa meza ya karibu kama mteja, akaagiza chipsi. Tulianza. Mguu wa kushoto ulishuka mahali pake, na mpiga kinanda aliniinulia nyusi, kwa kuwa mazoezi yale alikuwa hajayaona.

Tulikuwa kwenye wimbo wa feri, mama ameshafika kwenye mteremko, adhana ya alasiri ilipoanza. Nikalaza kiganja. Kila kitu kikanyamaza isipokuwa mafuta yaliyokuwa yakikaanga jikoni.

Nimeisikiliza adhana maisha yangu yote, na sijapata kuisikiliza huku moyo ukinidunda namna ile. Niliitikia kama inavyopasa. Lakini macho yangu yalishuka kwenye mguu wake. Zamani, katika kimya kile, nilikuwa nikiona kidole chake kikihesabu juu ya paja. Sasa kidole kilikuwa kimetulia, na mguu wa kushoto umelala juu ya pedeli bila kutikisika. Alikuwa amefumba macho. Nikafikiri, mwendo umempotea. Mwimbaji alisimama na maiki kifuani, naye anajua kwamba mstari mrefu ndio unaofuata, na kwamba pumzi atakayovuta itatosha au haitatosha kwa kutegemea mwendo utakaorudi.

Mwadhini akamaliza. Mpiga ngoma akagonga ukingo wa kigoma, mara nne.

Sikumngoja. Nilikuwa nimeahidi, na mbele ya watu wale wote ilinibidi nimwamini kuliko nilivyomwamini chumbani. Moja ikapita tupu, nikapiga besi yangu mahali pake, na kwenye tatu mguu ulikuwepo. Ulikuwepo kabla sijaanza kuutafuta.

Nitasema kweli, kwa sababu naye huisema: wimbo ulirudi ukiwa na haraka kidogo kuliko tulivyouacha. Sikio lake lilijua mwendo, lakini mguu ulikuwa na hofu. Mwimbaji aliniambia baadaye kwamba pumzi ilimtosha mpaka ikabaki ya kukohoa. Mtoto alivuka. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi, na meza ya dereva ikapiga makofi kabla ya wengine wote.

Tukamaliza wimbo, tukaenda kuswali. Niliporudi nilimkuta mpiga ngoma amekaa vile vile, shati limemganda mgongoni, na ule mguu wa kushoto unatetemeka wenyewe. Alikuwa akiutazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyepita mtihani. Akamwita dereva kwa kijiti.

"Njoo. Kiti kina joto, usiogope."

"Baba, hujamaliza."

"Nimechoka. Njoo."

Akahamia ubavuni mwangu, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, fimbo kati ya magoti, na dereva akapiga. Baada ya wimbo mmoja akaniinamia sikioni.

"Huyu ana mbio."

"Mwambie."

"Nitamwambia. Lakini si mbele za watu kama wewe."

Hivyo ndivyo tunavyokwenda mpaka leo, namshukuru Mungu. Akiwa na nguvu anapiga, akichoka anampisha dereva, na hakuna anayemuuliza. Zipo Jumapili anazopiga nyimbo chache tu, akabaki kwenye kreti akimkosoa kila mmoja wetu. Ila kuna jambo moja hatukulipanga wala kulizungumza. Wakati wa swala ukikaribia, hata kama mguu unamuuma, namwona anaiegemea fimbo na kuinuka. Anamgusa dereva begani, na dereva anampisha bila kuukata wimbo. Anaketi, anauweka mguu wa kushoto juu ya ule ubao wake, ananitazama mkono, na kungoja niulaze.